Nafasi ya Mshono Kwenye Yai

Wewe uliyeketi hapo, nakutegea, na usikimbilie kujibu. Nina nyumba ya mviringo isiyo na mlango. Ndani yake maji yanatembea, yanakwenda na kurudi, na hakuna mtu aliyetia mwiko. Nani anayeyatembeza?

Umesema yai. Yai ndiyo nyumba, nami sikuuliza nyumba, nimeuliza anayetembeza maji. Ukishindwa sitaki unipe mji. Miji ina kelele na mimi magoti yangu hayawezi kutawala. Nipe masikio tu, jibu nitakupa njiani. Watu wenye vyeti vya kujaza ukuta wamekunjiana ngumi kwa ajili ya kitendawili hiki, na mmoja wao ni mke wa mwanangu.

Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo vya kioo katika maabara. Niliishia darasa la saba, nikawa fundi cherehani miaka ishirini na sita, mpaka duka la nguo za tayari lilipofunguliwa mbele ya kibanda changu na wateja wakavuka barabara. Ndipo nikapata sinki. Juu ya bomba palikuwa na tangazo: SABUNI MARUFUKU. Mayai ya mle ndani hayakutaka sabuni. Alama ndogo ikibaki kwenye kioo, yai linakufa kabla halijaamka. Kwa hiyo nilisugua kwa brashi na maji ya moto, nikasuuza mara saba, ya nane kwa maji yaliyosafishwa, kisha nikapanga vyombo kwenye kabati mdomo chini. Hesabu ya nane sikuwahi kuikosea hata siku nilipokuwa na homa.

Mayai yenyewe yalikuwa ya kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye mikono mitano kama nyota, aliyefugwa kwenye matangi ya chumba cha nyuma. Yai lake ukiliona kwa jicho tupu utalifuta ukidhani ni vumbi. Chini ya hadubini lilikuwa la mviringo, jeupe, linapenya mwanga. Walilitia dawa ya kuliamsha, wakangoja kama saa moja, na ndipo ute wa ndani ulipoanza safari.

Mke wa mwanangu aliletwa pale miaka minne baada yangu, tayari amekwisha kuolewa. Mlangoni palikuwa na tangazo la pili: ndugu na wakwe hawafanyi kazi chumba kimoja. Yeye alikwisha kusaini fomu, "sina jamaa hapa," kabla hajajua kwamba sinki ninalolisimulia nyumbani ni lile lile. Asubuhi ya kwanza alinijia, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani.

"Hapa mimi na wewe hatujuani," alisema bila kunitazama.

"Hata nyumbani hatujuani," nikamjibu. "Haitakuwa kazi ngumu."

Hakucheka. Tangu siku hiyo kazini nikawa "wewe wa vyombo," na nyumbani "Mama," neno alilolitoa kama mtu anayetema mbegu. Tuligombana juu ya sufuria, juu ya mapazia, juu ya namna ya kumfunga nywele mjukuu wangu. Mwanangu kila ugomvi ulipoanza alikumbuka kwamba tairi la gari halina upepo. Tairi lile lilipata upepo kuliko matairi yote ya mtaa.

Sasa Mkuu wa maabara. Nyuma ya mgongo wake tulimwita Bwana Rula, kwa kuwa hakuna asichokipima. Alipima hata muda wetu wa chai. Kwa miaka ishirini alikuwa ameandika kwamba ndani kabisa ya yai mna nyuzi zinazovuta ute na kuutembeza. Mke wa mwanangu alikuwa anasema si hivyo. Alisema ni ngozi ya yai inayojibana, na ute unafuata. Alilisema hilo mbele ya wageni. Tangu hapo Mkuu hakumwita tena kwa cheo.

Ijumaa moja walikutana kwenye meza ya mkwe wangu, ile ya dirishani yenye hadubini kubwa. Mimi nilikuwa na mikono majini.

"Ute unatembea, nimeona," Mkuu alisema. "Ngozi inabana, nimeona. Nani amekwambia ngozi ndiyo inayosukuma ute? Labda ute ndio unaosukuma ngozi."

"Nitapima."

"Utapima nini? Kompyuta imeshindwa kuuona ukingo."

Hilo lilikuwa kweli. Yai lile lina ute mwingine kwa nje, kama jeli, na mashine ilikuwa ikishika ukingo wa jeli ikidhani ni ngozi.

"Nitachora ukingo kwa mkono, picha kwa picha."

"Wewe? Wewe umekwisha kuona ndani kunakwenda vipi. Mkono wako utachora unachokitaka."

"Basi achore mtu mwingine."

"Nani? Hawa?" Akawageukia wenzake watatu. Kila mmoja ghafla akapata jambo la maana sana la kutazama kwenye meza yake. "Unaona wanavyokupenda. Jumatatu unaniletea michoro, au meza hii nampa mtu mwenye kazi. Na bila meza sijui masomo yako utayamalizia wapi. Labda nyumbani, kwenye meza ya chakula."

"Nitaleta," akasema. Nilimwona shingo, misuli imesimama. Miaka minne yake ilikuwa imewekwa juu ya meza ile.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana aliniwekea bahasha mbele yangu, puu, kikombe changu kikaruka. Mwanangu aliutazama uso wa mkewe, kisha akautazama wangu, akachukua pampu.

"Macho yako yanaona?" mke wa mwanangu aliniuliza.

"Yanaona. Yameona viatu vyangu viko nje tangu juzi."

"Sina muda wa viatu, Mama." Akatoa picha. Zilikuwa mia tatu na kumi na mbili, za yai moja, kila moja imepigwa sekunde chache baada ya mwenzake, na ndani ya kila yai alikuwa amepaka weusi. "Chora ukingo wa ngozi. Ukingo tu. Ile ya nje yenye ukungu ni jeli, iache. Usiniulize ndani kulikuwa na nini."

"Nichore kitu nisichokijua?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe hujui kitu."

Nimetukanwa mengi maishani. Hilo lilikuwa tusi la kwanza kunipatia kazi.

"Mimi sishoni bila kumjua mwenye nguo," nikamwambia. "Huyo yai anafanya nini?"

Alipumua kwa nguvu kama mtu aliyeombwa damu. Halafu akaenda jikoni, akarudi na mfuko mwembamba wa plastiki wenye maji, ametia majani makavu ya chai kidogo na kufunga fundo. Akaushika chini kwa viganja viwili, akaubana kiasi, akaanza kupandisha mkazo ule taratibu kuelekea juu. Majani yakakimbia mbele ya mikono yake. Mikono ilipopita, yakarudi chini kwa katikati, yakazunguka.

"Nani ameyasukuma?"

"Mikono yako."

"Yai halina mikono. Lina ngozi. Ngozi inajikaza kama mkanda, mkazo unaanzia upande huu unasafiri mpaka ule. Maji ya ndani hayana akili, yanafuata. Kwa hiyo nikipewa umbo la nje tu, hesabu itaniambia maji yalikwenda wapi. Kisha nitatazama chembe zilizomo ndani kweli zilikwenda wapi. Zikilingana, nyuzi za Bwana Rula hazina kazi ya kufanya."

Kwa muda ule alioushika mfuko, uso wake ulifunguka, nikaona msichana aliyemvuruga akili mwanangu. Kisha maji yalidondokea kitambaa changu cha meza na tukarudi kuwa sisi.

Basi, msikilizaji, kuta za nyumba ndizo zinazotembeza maji. Nimekupa. Lakini usiondoke, kuna swali jingine linakuja, na hilo lilikaa bila jibu siku tatu nzima.

Nilivaa miwani, nikatandika karatasi nyembamba ya kunakilia, nikachonga penseli. Yai la kwanza lilikuwa duara. La hamsini duara. Kufikia la mia na kitu, upande mmoja ulianza kubonyea, kidogo mno, kama kiuno cha mtu anayevuta pumzi. Kiuno kikapanda. Kwenye mia mbili yai likawa kama peasi, kisha kiuno kikafika juu kikapotea, na duara likarudi kama vile hakuna lililotokea. Nilisahau mgongo. Nilikuwa naona mwili ukivaa na kuvua, na mkono wangu unaufuata.

Yeye alikagua tano za kwanza kwa mbali, akaguna, akaenda. Kazi ikinyooka haguni mara mbili. Jumapili jioni mapema nilimaliza, naye akaniletea chai. Sukari alisahau, au hakusahau. Usiku kucha alikaa na michoro akifanya hesabu yake.

Jumatatu Mkuu aliweka michoro yangu juu ya picha zenyewe, kwenye kile kioo chenye taa chini. Alitazama ya kwanza, ya pili, akaruka mpaka ya mwisho. Kisha akatoa rula.

"Mistari hii iko nje," alisema.

Mke wa mwanangu akainama kutazama.

"Iko nje ya ngozi. Haikufuata jeli, haikufuata ngozi. Imesimama hewani. Na njoo uone: hapa upana huu, hapa upana uleule, hapa uleule. Picha mia tatu." Sauti yake ilikuwa tamu sasa, na utamu wa mtu yule ulikuwa mbaya kuliko makelele. "Hesabu yako imekaribia chembe, haikuzifikia. Nikiondoa upana huu, inazifikia. Lakini kwa nini niondoe kitu nisichojua kimetoka wapi? Nitajuaje hukukiongeza mwenyewe, upate kukipunguza kadiri unavyotaka?"

"Sikuchora mimi."

"Nani amechora?"

Mke wa mwanangu akanyoosha pembe ya mchoro.

"Nimeuliza. Mashine haikosei hivi. Mtu wa sayansi hakosei hivi. Nani amechora, na kwa nini amechora nje?"

Mikono yangu ilielewa kabla ya kichwa. Ilitulia ndani ya maji ya moto. Fundi wa nguo hakati juu ya mstari wa mwili. Anafuata mstari, lakini anakwenda nje kidogo, upana ule ule kuzunguka nguo nzima, ili sindano ipate pa kupita. Hiyo ndiyo nafasi ya mshono. Miaka ishirini na sita mkono wangu umeiacha bila kuniomba ruhusa, na sasa ulikuwa umemwachia yai.

"Alhamisi saa nne, mbele ya wote," Mkuu alisema, akirudisha rula mfukoni. "Ukinijibu, tutaona. Usiponijibu, michoro inakwenda kwenye pipa na wewe unaifuata."

Nyumbani mke wa mwanangu hakungoja hata kuvua viatu.

"Umenimaliza. Nilikwambia ukingo. Neno moja. Ukingo."

"Nimeacha nafasi ya mshono."

"Nafasi ya nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mdomo wazi, kisha akacheka kicheko kisicho na kitu ndani.

"Yai si gauni, Mama."

"Hukuniambia si gauni. Uliniambia nisiulize."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Kosa ni la mkono. Waambie ni mimi, uwaambie na sababu. Wapunguze upana ule, hesabu yako ikae."

"Halafu fomu niliyosaini? Sina jamaa hapa?" Akanikaribia. "Unajua lile tangazo linasema nini?"

"Nalifuta vumbi kila asubuhi."

"Basi unajua anafukuzwa nani. Mimi, kwa kuwa nimedanganya. Au wewe, kwa kuwa wa vyombo ni rahisi kumtoa. Au wote. Na ukitoka wewe, katika nyumba hii nitakuwa mwanamke aliyemfukuzisha kazi mama mtu. Nimechoka kuwa mbaya humu ndani."

"Hakuna aliyekuita mbaya."

"Hukuniita. Unanitegea vitendawili."

Hapo alinipata.

"Alhamisi ukifungua mdomo," alisema, akiondoka, "mimi na wewe basi."

"Swali hakuniuliza mimi," nikamwambia mgongo wake. "Jibu si langu kulitoa."

Mwanangu aliingia na pampu mkononi, akatusoma, akatoka tena.

Jumatano mchana, siku yangu ya mapumziko, nilichukua nakala ya picha moja iliyobaki nyumbani, ile yenye kiuno. Nikachora kama tunavyomchorea mteja: mstari mzima juu ya ngozi kabisa, ndicho kipimo cha mwili, na nje yake mstari wa vidoti, ndipo mkasi unapopita. Nikapima katikati ya mistari kwa futi yangu ya kitambaa. Nusu ya ukucha wa kidole kidogo, kila mahali. Nikaikunja karatasi, nikaiweka chini ya kikombe chake. Jioni kikombe kilikuwa kimehama na karatasi haipo. Kama ameichukua au ameitupa, hakusema, nami sikuuliza.

Alhamisi saa nne walikaa kuzunguka meza kubwa, Mkuu kichwani. Mimi nilikuwa na vibakuli arobaini vya kuosha na hakuna aliyekumbuka kunitoa. Watu hawaoni anayeosha.

"Wewe wa vyombo, punguza kelele," Mkuu alisema.

Nikapunguza maji yakawa uzi.

"Haya. Swali unalijua." Aliitandaza michoro yangu. "Nani amechora?"

Mke wa mwanangu alikuwa amekaa wima, mikono chini ya meza. Nilisuuza mara ya kwanza, ya pili.

"Nikusaidie," Mkuu akasema. "Mimi si mtu mbaya. Sema kompyuta ilikosea. Tutaandika ni kosa la mashine, utabaki na meza yako, utamaliza masomo yako. Na hayo mambo ya ngozi tutayaacha, kwa kuwa hayakuthibitika. Umeona nilivyo mpole?"

Aliyeketi karibu na dirisha akamwashiria kwa kichwa akubali. Na kweli lilikuwa jambo rahisi. Neno moja, "kompyuta," na kila mtu angerudi alipokuwa: yeye mezani, mimi sinkini, nyuzi za Mkuu ndani ya yai zikivuta maji yasiyovutwa nazo. Nilisuuza mara ya tatu, ya nne. Moyoni nilimwambia kubali, mwanangu, ule mkate wako. Na moyo uleule ukaniuma kwa kumwambia hivyo.

"Ni jepesi," Mkuu alisema. "Maana kama si mashine, basi ni mtu. Na kama ni mtu, ni mjinga wa mwisho, asiyejua hata yai linaishia wapi. Ungependa tuandike hivyo? Kwamba miaka minne yako umeikabidhi kwa mjinga asiye na jina?"

Mmoja wao akacheka puani.

Mke wa mwanangu aliitazama michoro. Kisha akageuza kichwa, akanitazama. Katika chumba kile, kwa miaka yote ile, hakuwahi kunitazama. Nilikuwa nimeshika kibakuli na sikujua tena ni suuzo la tano au la sita.

Akatoa mikono chini ya meza. Ilikuwa na karatasi iliyokunjwa. Akaikunjua, akailaza juu ya kioo chenye taa, akailinganisha na picha yenye kiuno. Mstari mzima ulikaa juu ya ngozi. Wa vidoti ulikaa juu ya mchoro wa Jumatatu, bila kupishana.

"Anajua linaishia wapi," alisema. "Anajua kuliko wewe na mimi."

Mkuu alishika rula, akapima upande mmoja, akapima wa pili. Hakuna aliyecheka.

"Nauliza mara ya mwisho," alisema, na sauti yake haikuwa tamu tena. "Nani amechora?"

"Mama mkwe wangu," mke wa mwanangu akasema. "Yule pale kwenye sinki. Ni fundi wa nguo, na hiyo unayoipima ni nafasi ya mshono."